Jike wa Mbwa Azae Mara Ngapi, na Apumzike Lini?

Wafugaji wengi wa mbwa ninaowafahamu hapa Arusha wanaishika kanuni moja kama amri: jike akishazaa, ruka joto linalofuata, yaani kipindi anapokuwa tayari kupandwa tena. Azae, apumzike, ndipo azae tena. Ukimpandisha mara mbili mfululizo utasemwa kuwa una tamaa ya pesa na huna huruma na mnyama. Nami niliwahi kuwasema wenzangu hivyo hivyo.

Jike wangu wa kwanza, German Shepherd tuliyemwita Lesi, nilimlea kwa kanuni hiyo. Alizaa akiwa na miaka mitatu, watoto saba, akanyonyesha hadi manyoya ya mgongoni yakapukutika. Nikamwonea huruma. Nikaruka joto moja, nikaruka la pili, kisha nikaacha kuhesabu. Akiwa na miaka saba, wiki kama tano hivi baada ya joto, akaanza kunywa maji kupita kiasi. Karai nililojaza asubuhi lilikuwa tupu kabla ya adhuhuri. Mwanangu akasema, "Baba, Lesi siku hizi anakunywa vizuri," nami nikafurahi pamoja naye. Siku ya nne alikataa chakula na tumbo likavimba. Daktari wa mifugo alimpasua jioni ile ile, akatoa kizazi kilichojaa usaha, kimetanuka kama utumbo wa mbuzi uliopulizwa, akakiweka kwenye beseni. Lesi alipona. Wakati ananawa mikono, daktari akaniuliza amezaa mara ngapi. Nikajibu mara moja tu, nikitarajia sifa. Akaniambia: "Na joto zile nyingine zote, ulidhani kizazi kimelala?"

Swali hilo ndilo linalowafanya baadhi ya madaktari wa uzazi wa mbwa waipinge kanuni ya kuruka joto, na nadhani hoja yao haijasikilizwa inavyostahili. Anayefuga ng'ombe ataielewa haraka. Ng'ombe asiposhika mimba, projesteroni, homoni inayokiandaa kizazi kubeba mimba, hushuka baada ya wiki mbili na kitu, mzunguko ukaanza upya. Mbwa hayuko hivyo. Ashike mimba asishike, projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili, karibu sawa na siku 63 za mimba yenyewe. Ndiyo maana utamkuta jike asiyepandwa ana maziwa, anakusanya matambara na kuyalalia kama watoto wake. Kwa muda wote huo ukuta wa kizazi unanenepa, tezi zake zinatoa majimaji, na mlango uliokuwa wazi wakati wa joto umefungwa. Vijidudu vilivyopenya kabla haujafungwa vinabaki ndani mahali penye unyevu, joto na chakula. Jambo hili likirudiwa joto baada ya joto, kizazi kinachakaa bila kubeba hata mtoto mmoja.

Sasa kuna takwimu moja ambayo hainitoki kichwani. Nchini Uswidi mbwa wengi wana bima, na kwa miaka mingi haikuwa desturi kuwatoa kizazi. Kumbukumbu za bima hizo zilipochambuliwa, ilionekana kwamba karibu robo ya majike waliugua ugonjwa huu wa usaha kabla ya kutimiza miaka 10. Chukua majike wanne wa mtaani kwenu ambao bado wana kizazi: mmoja wao. Na yule wa Uswidi alikuwa na bima, daktari jirani na chumba cha upasuaji. Huku kwetu mbwa wengi hawatolewi kizazi kabisa, na wilaya zenye mtu anayeweza kumpasua mbwa usiku si nyingi. Lesi aliponea kwa sababu ugonjwa ulimkuta mjini, siku ya kazi, na mimi nikiwa na fedha mfukoni.

Fanya hesabu ndogo. Jike wa kawaida huingia joto kila baada ya miezi sita au saba. Tuseme unataka uzao minne, na wa kwanza anaupata akiwa na miaka miwili. Ukimpandisha mfululizo, atamaliza kabla ya kufikisha miaka minne, akiwa amepitia mizunguko minne kuanzia uzao wa kwanza, yote ya mimba. Ukiruka joto moja kila mara, atamaliza akiwa na miaka mitano hadi mitano na nusu, baada ya mizunguko saba, mitatu kati yake mitupu. Watoto ni wale wale. Kilichoongezeka ni umri wa mama na vipindi vitatu vya projesteroni. Na umri una gharama yake, kwa sababu jike anavyozeeka idadi ya watoto hupungua na kujifungua huwa kwa shida.

Lakini wanaotaka pumziko nao wana hoja ya kweli, tena nzito. Kinachomla jike ni kunyonyesha zaidi ya mimba yenyewe. Wiki ya tatu na ya nne anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, pengine zaidi kama watoto ni wengi, na kalsiamu ikishuka ghafla anaweza kutetemeka hadi kufa. Kwenye nyumba ambayo mbwa hula mabaki ya ugali, jike wa namna hiyo hajarudi mwilini hata miezi sita ikipita. Pia lipo suala la sheria. Uingereza ina sababu ya kuzuia jike wa mfugaji mwenye leseni asizae zaidi ya mara moja katika miezi 12. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2020 inayokataza maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa kule imepewa jina la Lucy, jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales. Alikuwa ameishi kwenye kizimba kidogo mno hata nyonga zake zikaungana. Mkaguzi anayeingia mahali kama pale hana namna ya kupima huruma ya mwenye mbwa, lakini tarehe anaweza kuzisoma. Mwenye shamba la aina hiyo akiisikia hoja ya daktari wangu ataipokea kwa furaha, na atachukua nusu yake tu, ile ya kuzalisha mfululizo.

Nusu ya pili ni kuacha mapema. Bila hiyo, hoja yote haina maana. Ndiyo sababu naona kikomo cha idadi ya uzao kina uzito kuliko kikomo cha nafasi kati ya uzao. Chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kilishusha idadi hiyo mwaka 2012 kutoka uzao sita hadi minne, na hapo naungana nao bila kusita. Kwa mbegu za uso bapa kama Bulldog, ambazo wengi wao hujifungua kwa upasuaji, hata minne ni mingi. Upasuaji wa pili uwe wa mwisho.

Nyumbani sasa nina jike mwingine, ana miaka mitatu na miezi kadhaa, anamwachisha ziwa uzao wake wa tatu, wawili wa mwisho wakiwa wa mfululizo. Kila Jumapili namsimamisha kwenye mizani ya mazao na kupitisha kiganja ubavuni. Mbavu nazihisi chini ya ngozi lakini sizioni, na uzito umebakisha kilo moja kurudi ulipokuwa kabla ya mimba. Kilo hiyo isiporudi kabla ya joto lijalo, hatapandwa, na huu wa tatu utakuwa wa mwisho. Ikirudi, atazaa mara moja zaidi. Kwa vyovyote vile, daktari yule yule ameshaniandikia kwenye kadi yake ya chanjo mwezi wa kumtoa kizazi.