Tamthilia ya Senti Chache Iliyomkera Jenerali

Mwaka 1927, serikali ya Jenerali Miguel Primo de Rivera huko Hispania iliamuru nakala za La hija del capitán, yaani Binti wa Kapteni, zikamatwe. Ilikuwa tamthilia fupi ya Ramón del Valle-Inclán, iliyotoka katika La Novela Mundial, mfululizo wa kila wiki wa vijitabu vya bei rahisi. Taarifa rasmi ililalamika kwamba inakiuka ladha njema na kuchafua heshima ya watu wa tabaka fulani. Kwa nini mwandishi mwenye jina kubwa hivyo alipitishia huko kazi kali namna hii?

Kisa chenyewe hakina aibu. Kapteni anachezesha kamari nyumbani. Binti yake, la Sini, ni kimada wa jenerali. Mpenzi wa zamani wa binti anamuua mtu mwingine akidhani ndiye jenerali. Maiti inafichwa, magazeti yananusa habari, na jenerali anaona dawa ya kashfa ni kuipindua serikali kwa jina la taifa. Mwishoni mfalme anapokewa stesheni kwa shangwe. Mbegu ya hadithi ni mauaji ya kweli ya Madrid mwaka 1913, lakini nani asingemkumbuka Primo, aliyetwaa madaraka Septemba 1923 na Mfalme Alfonso XIII akambariki?

Wanaoitetea mifululizo ya vijitabu kama huu wana hoja nzito. Tangu mfululizo wa El Cuento Semanal uanze mwaka 1907, karani au mwanafunzi wa mji usio na jumba la maonyesho aliweza kusoma waandishi wakubwa kwa senti chache. Wenye majumba walitaka michezo ya kujaza viti, na ya Valle haikuwa hiyo. Tena maelezo yake ya jukwaani ni fasihi tupu, anayefaidi zaidi ni msomaji. Tamthilia yake nyingine, Luces de bohemia, nayo ilianza katika jarida la kila wiki, España, mwaka 1920. Wahispania walisubiri hadi 1970 kuiona kwao jukwaani.

Upande wa pili unasema jarida humbana mwandishi kwa idadi ya kurasa na humweka wazi mbele ya polisi. Hapo ndipo mambo yananoga. Desemba 1926 Valle alichapisha kama kitabu Tirano Banderas, riwaya inayomchana dikteta, nayo ikasomwa. Mwaka 1927 akaikejeli enzi ya Malkia Isabel II, bibi mzaa baba wa mfalme, katika La corte de los milagros, ikapita pia. Vitabu vinene vilivumiliwa kuliko vijitabu, kwani wanunuzi wake walikuwa wachache. Ni kweli, dikteta wa riwaya ile yuko Amerika ya Kilatini ya kubuni, na malkia alikwisha kufa. Jenerali wa tamthilia yuko Madrid, hai, tena na sare. Hata hivyo naamini bei iliitia serikali hofu karibu sawa na kisa.

Tamthilia hiyo ilirudi mwaka 1930 ndani ya Martes de carnaval, pamoja na nyingine mbili. Primo alikuwa amejiuzulu Januari, akafia Paris mwezi Machi. Kitabu hicho kinadumu rafuni kuliko kijitabu, lakini sioni kwamba Valle alikosea mwaka 1927: kijitabu kilitoka wakati jenerali aliyelengwa bado ana polisi wa kukifuata.