Tunasifu maneno, tunakumbuka mahadhi

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa pale Ligula, mjini Mtwara, redio ilikuwa inapiga zilipendwa, na mzee mmoja akatoa hukumu tuliyoizoea: "Zamani watu waliimba maneno. Siku hizi kelele tu." Nikamwomba, kwa heshima zote, anisomee ubeti wa pili wa "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Asome, asiimbe. Mzee akaanza, akakwama. Akaweka kikombe chini, akafumba macho, akavuta mahadhi puani, mm-mm-mm, na maneno yakaja yenyewe, moja likimvuta mwenzake mpaka mwisho wa ubeti.

Sikumcheka. Usiku ule nilijijaribu mwenyewe kwa nyimbo tatu ninazozipenda, nikakwama zote.

Ubishi wa kipi kinaubeba wimbo, mashairi au mahadhi, kwetu umeshaamuliwa kwa upande wa mashairi, na upande huo una hoja zake. Watu wa taarabu hawaanzi na ala; shairi hutungwa kwanza, likapimwa vina na mizani, ndipo likatafutiwa sauti. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba hadi kesi za mahakamani, na watu walimsikiliza ili wajue nani kasemwa. Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Remmy Ongala. Wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi", wa kuhimiza kondomu wakati Ukimwi unaanza kutumaliza, Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Kilichowatisha ni maneno. Gitaa halijawahi kumtisha mtu.

Hapo nakubali. Nasita tunapotoka hapo na kusema kwamba kwa hiyo maneno ndiyo yaliyozifanya nyimbo zile zidumu.

Chukua Kilingala. Franco na Tabu Ley walipendwa huku Kusini kama walivyopendwa Kinshasa, na mvuvi wa Mikindani aliyekuwa akiwaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuwa na Kilingala cha kuombea maji. Alikuwa anaimba silabi. Au nenda Kilwa Kivinje usiku wa maulidi. Barzanji, kisa cha kuzaliwa kwa Mtume, inasomwa kwa Kiarabu, na waliokielewa Kiarabu kile mle ndani unaweza kuwahesabu kwa vidole, ila inapofika pale pa kusimama utaona watu wazima wanafuta machozi. (Najua masheikh watasema hiyo ni imani, si muziki. Sawa, lakini imani hiyo imeingilia sikioni.)

Ushahidi ninaoupenda zaidi, na ambao sijaona ukitajwa, uko makanisani Masasi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache yanayokataa kanuni hiyo yanaonyesha jinsi tunavyoitegemea: ba-ra-BA-ra ni njia ya kwenda Newala, ba-RA-ba-ra ni kazi iliyofanyika sawasawa. Sisi wa Kusini, hasa wenye Kimakonde kinywani, silabi hiyo tunaivuta mpaka mtu wa Dar anatujua kwetu kabla hatujataja jina. Sasa, wamisionari wa Kiingereza waliojenga misheni Masasi mwaka 1876 walikuja na mahadhi yao, na mahadhi yale yalishonwa kwa lugha ambayo mstari wake mara nyingi unaishia kwenye silabi nzito. Kiswahili chetu karibu kila mara kinaishia kwenye silabi nyepesi. Mfasiri alikuwa na njia mbili: kuivunja sauti au kulivunja neno. Sauti ilibaki nzima. Ndiyo maana mpaka Jumapili iliyopita utasikia waumini wakiimba mbinguNI, moyoNI, BwaNA, mkazo wote umeegemea silabi ya mwisho. Ukizungumza hivyo sokoni utaulizwa umetoka nchi gani. Ukiimba hivyo kanisani hakuna anayegeuka, wala bibi aliyezaliwa akiuimba wimbo huo hahisi kwamba neno limepinda.

Kwa hiyo sikio letu lina sheria mbili. Mzungumzaji akikosea mkazo tunamsahihisha palepale. Mahadhi yakikosea tunayafuata. Kama maneno ndiyo yangekuwa bwana, nyimbo zile zingekufa kwenye kizazi cha kwanza cha waliozitafsiri.

Turudi kwenye muziki wa dansi, wa akina Mbaraka. Watunzi wetu hawakuwa na mzigo wa yule mfasiri. Walitunga sauti wakiwa na Kiswahili mdomoni, kwa hiyo sauti ilipanda pale ulimi unapopanda na kukaa pale ulimi unapokaa. Andika "nitakuja kesho" kwenye karatasi: ni ujumbe wa simu, tena wa mtu anayekudai. Sasa mpe mwimbaji mahadhi yanayopanda taratibu hadi kwenye "ku", yakae hapo, yashuke kwenye "ja", yanyamaze kidogo, saksofoni ijibu, ndipo "kesho" ije chini kabisa kama ya mtu asiyeamini kama atafika. Maneno hayakubadilika hata herufi. Lakini msikilizaji atakwambia mtunzi huyo ana maneno mazito.

Hapo ndipo mzee wangu wa kijiweni anapojichanganya. Uzito anaousikia ni wa kweli, ila ameupa jina la jirani. Zichukue nyimbo nyingi za zamani uzinakili daftarini, bila sauti, na utakutana na habari zilezile: nimekupenda, umeniacha, mjini kugumu, ndugu wamenigeuka. Kijana wa leo anaandika hayohayo. Tofauti ni kwamba wimbo wa dansi ulikaa mezani kwa bendi nzima. Bendi ya Mlimani Park ilikuwa na Michael Enoch wa kupanga vyombo, na wimbo ulianza polepole, ukampa mwimbaji nafasi ya kuongea na watu, ndipo ukaingia chemko, ile sehemu ya kasi, na magitaa yakachukua ukumbi. Leo mara nyingi mdundo unafika umeshapikwa, na kazi ya mwimbaji ni kuyamimina maneno humo yakae yatakavyokaa.

Wenye kutetea mashairi watanijibu kwa vina na mizani. Basi tuulize mizani ni nini. Mshairi anapokata neno na kuiita inkisari, au analirefusha na kuiita mazida, anamtii nani? Hatii maana, maana inataka neno zima. Anatii hesabu ya silabi, na hesabu ya silabi tayari ni nusu ya mahadhi. Hata Marekani, mtunzi wa sauti Richard Rodgers alipotunga na mwandishi wa maneno Lorenz Hart kwa kawaida sauti ilitangulia, na alipofanya kazi na mwandishi mwingine, Oscar Hammerstein, maneno yakatangulia. Nyimbo za pande zote mbili zinaimbwa hadi leo. Nani alitangulia si neno. Nani anampisha mwenzake wakikutana mlangoni, hilo ndilo swali.

Mjomba wangu anapiga gitaa kwenye harusi za Mikindani, na msimu mmoja wa korosho alitunga wimbo kuhusu malipo ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani, akapewa stakabadhi na kusubiri mnada. Alikuwa na sauti kwanza: noti nne, ya tatu ndefu, kisha noti mbili, ya kwanza ndefu. "Stakabadhi" ikaingia kwenye zile nne kama mguu kwenye kandambili yake. Zikabaki mbili, naye ana "ghalani", silabi tatu. Alihangaika jioni nzima barazani. Alijaribu kuongeza noti, akasema wimbo umeota kigimbi. Mwisho akaimba "stakabadhi ghala", basi. Shangazi yangu, mwalimu wa Kiswahili, akamwambia hiyo si lugha.

"Najua," akajibu, "lakini sikiliza."

Akapiga tena. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, na baada ya muda tukamsikia anaimba huko ndani. Aliimba "ghala".