Mwacheni Mgeni Afe Kwanza

Juzi nilikuwa nimetulia kwenye MUD yangu ya siku zote (mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, wa maandishi matupu), nasubiri afya ya mhusika wangu irudi, huku nikifuatilia chaneli ya wageni kwa jicho moja. Akaingia mtu mpya. Ngazi ya kwanza, kisu cha mbao, mkate mmoja. Akauliza swali zuri kabisa: yuko ndani ya pishi, mlango wa kaskazini umefungwa, afanyeje?

Kabla sijamaliza kulisoma, mkongwe mmoja alishamwambia ufunguo ulipo. Wa pili akamvuta kwa uchawi na kumtoa pishini mzimamzima. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenitia hasira, akamvalisha deraya ya ngazi ya 40, akamkabidhi upanga unaowaka moto na dhahabu ya kununulia mtaa, kisha akatangaza kwamba mgeni ameshughulikiwa. Watu wakapongezana. Mgeni akaandika, "Ahsanteni sana. Sasa nifanye nini?"

Kimya. Baada ya muda akatoka, na kwenye who, orodha ya waliomo mchezoni, hajaonekana tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu mwenyeji anapona kweli, tena anajisikia vizuri sana, amefanya wema, anaweza kwenda kulala. Kesho yake watu walewale wanakaa kulalamika kwamba michezo hii inakufa, kwamba wageni hawakai, kwamba vijana wa siku hizi wanataka picha. Picha! Mtu aliyeingia kwa hiari yake kwenye skrini nyeusi yenye maandishi matupu hakuja kutafuta picha, jamani. Alijua anakokwenda. Alikuja kufungua mlango wa pishi.

Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya anayeanza, na nina jambo moja tu la kumwambia: kataa zawadi, soma chumba.

Najua kumwambia mtu asome kwenye mchezo wa maandishi kunasikika kama upuuzi. Lakini simama pembeni uwatazame wakongwe wakicheza. Hawasomi. Wamewasha brief, maelezo ya vyumba hayatokei kabisa, wanaona jina la chumba na milango yake basi. Programu wanazochezea zimefundishwa kuandika amri zenyewe: kiumbe akitokea, piga, akifa, get all corpse (chukua vyote kwenye maiti), njaa ikiuma, kula. Njia nzima ya kutoka hekaluni hadi pango la joka wameihifadhi kwa neno moja, wakiliandika tu maandishi yanashuka kama maporomoko na wao wako mlangoni. Sina ugomvi na hilo. Mtu aliyepita mahali miaka kumi hana haja ya kuambiwa tena kwamba taa ya ukutani inafifia. Ugomvi wangu unaanza pale anapomwambia mgeni, dakika ya kwanza kabisa, "washa brief, hayo maneno yatakuchosha." Hayo maneno ndiyo mchezo, bwana. Ukiyaondoa unabaki na nini? Namba zinazopanda na namba zinazoshuka.

Chukua chumba cha kawaida, cha kubuni tu, wala si kwenye MUD yoyote ninayoijua. Duka la dawa lililoachwa. Rafu zimejaa vumbi, magudulia yamepangwa kuanzia kubwa hadi dogo, na moja tu halina vumbi. Mwenye brief anaona "Duka la Dawa", anaona kuna mlango wa mashariki, anapita. Anayesoma anasita. Kwa nini moja halina vumbi? Anaandika look na jina la lile gudulia, na mchezo unamjibu kwamba kifuniko kina mikwaruzo mipya. Anafungua. Ndani kuna ufunguo mdogo wa shaba, na papo hapo anakumbuka mlango fulani aliouacha nyuma umefungwa. Hisia hiyo, ya kugundua kwamba kuna mtu aliketi akaficha kitu kwa ajili yako na wewe umekipata, hakuna upanga wa moto unaoifikia. Na mtu huyo mara nyingi hakulipwa hata senti. Maeneo mengi ya MUD za bure yameandikwa na watu wanaojitolea, usiku, baada ya kazi zao. Sisi tunawalipa kwa kuzima maandishi yao.

Namna ya kusoma hujifunzi kwenye mwongozo, lakini kuna ufunguo mmoja nitakupa (ndiyo, nami natoa zawadi, nivumilie). Kwenye michezo ya ukoo wa Diku, ile iliyotokana na kazi ya wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen mwanzoni mwa miaka ya 1990, anayejenga eneo anaweza kuambatisha maelezo ya ziada kwenye maneno anayoyachagua. Maana yake kila kitu kinachotajwa chumbani kinastahili look moja: chemchemi, bango, sanamu, ukuta. Vingi vitakujibu kwamba hakuna cha maana. Kimoja kitakujibu. Kwenye ukoo wa LPMud, ulioanzishwa na Lars Pensjö wa Sweden mwaka 1989, wajenzi huwa wamepewa uhuru mkubwa zaidi wa kuandika programu ndani ya vitu vyenyewe, kwa hiyo jaribu na vitendo: search, push, pull, climb. Ukiandika kitu mchezo usichokielewa utakuambia haukuelewi, na hakuna atakayecheka, maana hakuna anayeona.

Ramani ni habari hiyohiyo. Mudlet, programu ya bure ya kuchezea MUD, itakuchorea yenyewe kwenye michezo mingi inayotuma taarifa za vyumba, na watu wamepandisha ramani kamili mtandaoni. Haya, kwa mji mkubwa ambao benki iko huku na mwokaji yuko kule, chukua ramani, sitakuhukumu. Lakini pango la kwanza lichore mwenyewe kwa kalamu. Utagundua kwamba ukienda kaskazini kisha ukarudi kusini si lazima uwe ulipokuwa. Kuna wajenzi wana roho mbaya hivyo, na ni vizuri uwajue mapema.

Kuna mtu atanijibu kwamba si wote wanataka kuchunguza. Kweli. Richard Bartle, aliyeijenga MUD ya kwanza kabisa pamoja na Roy Trubshaw, ambaye ndiye aliyeianza Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika makala mwaka 1996 akiwagawa wachezaji makundi manne: wanaosaka mafanikio, wanaochunguza, wanaotafuta watu, na wanaopenda kuwasumbua wenzao. Sawa, tuchukue wote wanne. Msaka mafanikio umempa ngazi 40 za mwanzo bure, sasa ngazi ya 41 ina ladha gani? Mchunguzi umemwonyesha ufunguo, basi, umemmaliza. Anayetafuta watu alikuwa na swali, swali ndilo lililompa sababu ya kuzungumza, ukalijibu kwa sentensi moja ukaondoka. Anayebaki akifurahi ni yule wa nne, kwenye michezo inayoruhusu wachezaji kuuana, maana ameona mgeni asiyejua hata kukimbia amevaa mali ya kuporwa.

Na hapa lazima nikubali jambo, japo sipendi kulikubali katikati ya hasira. Kuna wachezaji wengi wasioona kwenye MUD, na wapo kwa sababu nzuri: ni miongoni mwa michezo michache ya wachezaji wengi ambamo mtu anayetumia programu ya kusoma skrini anashindana na mwingine yeyote bila kuhurumiwa. MUD iitwayo Alter Aeon imejaa watu wa namna hiyo, na programu za kuchezea kama MUSHclient na Mudlet zote hutumiwa nao. Kwa mtu anayesomewa kila mstari kwa sauti, kusikia maelezo yaleyale ya uwanja wa soko kila anapopita ni mateso, tena katikati ya vita ni kifo. Yeye awashe brief na chochote kingine kitakachomrahisishia. Ila nitaongeza kwa ukaidi: kati ya wachezaji ninaowafahamu, hao ndio wanaokumbuka vyumba vizuri kuliko wote. Mara ya kwanza walisikiliza hadi mwisho.

Sasa, kufa.

Wakongwe wanamkinga mgeni asife kana kwamba kifo cha mhusika wa ngazi ya tatu ni msiba wa kitaifa. Kwenye MUD nyingi ukifa unapoteza uzoefu kidogo, vitu vyako vinabaki kwenye maiti, nawe unaamka mahali salama ukiwa huna kitu. Basi. Kwa mgeni, mali inayobaki kwenye hiyo maiti ni kisu cha mbao. Hakuna wakati mzuri wa kufa kuliko huo! Ukifa ukiwa mdogo unajifunza kwa gharama ndogo kwamba kabla ya kumpiga kiumbe unaandika consider, na mchezo utakuambia, mara nyingi kwa kejeli, kama huyo ni saizi yako au una wazimu. Unajifunza kwamba flee, amri ya kukimbia, si aibu, na kwamba wimpy, ya kukimbia yenyewe afya ikishuka, ipo ili ikukimbize wewe ukiwa bado unasoma. Unajifunza kuangalia upande gani kuna mlango kabla ya vita. Yule aliyevikwa deraya ya ngazi ya 40 naye atakufa tu siku moja, ila atafia mbali, mbele ya kitu kikubwa, akiwa hajui hata amri ya kukimbia, na maiti yake itabaki na vitu asivyoweza kuvipata tena. Huyo harudi. Mimi pia nisingerudi.

Hapo ndipo msaada unapohitajika. Mgeni amekufa, maiti iko pangoni, anaogopa kurudi. Mkongwe, nenda naye. Mwache atangulie, wewe fuata nyuma; akikosea njia, kaa kimya mpaka aulize. Viumbe wakubwa wawili waliosimama katikati waue wewe. Maiti achukue mwenyewe. Na mlango ukiwa umefungwa na mtu akauliza afanyeje, muulize ameona nini katika vyumba alivyopita. Huenda akasema, "Kulikuwa na sanamu," na mkaanza kuzungumza kuhusu sanamu, na katika mazungumzo hayo mtu akapata rafiki na mchezo kwa pamoja. Inachukua dakika kumi. Kumtupia upanga kunachukua sekunde tatu, na ndiyo maana kila mtu anatupa upanga.

Wewe unayeanza unaweza kujilinda mwenyewe. Mkongwe akikuletea deraya, mwambie, "Ahsante, niwekee." Ni jibu la heshima na hakuna atakayekasirika; akikasirika, umeshajua ni mtu wa namna gani. Usihangaike siku tatu ukilinganisha mchawi na mpiganaji na mwizi kwenye majedwali ya watu, maana mhusika wa kwanza hufutwa hata hivyo. Wala usitafute MUD iliyo bora kuliko zote. Discworld, Aardwolf, BatMUD, Achaea, zote zina watu na zote zina eneo la wageni. Ingia moja, soma vyumba ishirini. Maandishi yakikuchosha ondoka, jaribu nyingine. Zile zinazouza nguvu kwa fedha halisi, cheza bure kwanza mpaka ujue unanunua nini. Kama Kiingereza cha mjenzi kinakushinda mahali, fungua kamusi pembeni; chumba hakina haraka, kitakusubiri.

Mambo ya mwisho hayana mjadala. Michezo mingi bado inaunganisha kwa telneti, ambayo hupitisha kila unachoandika bila kufichwa, nenosiri likiwemo, kwa hiyo usitumie lile la barua pepe yako. Jina la mhusika lisiwe la mchawi wa kwenye filamu, wasimamizi watalikataa au, vibaya zaidi, watalikubali nawe utaitwa hivyo miaka yote. Usifungue wahusika wawili kwa wakati mmoja kabla ya kusoma kanuni. Sehemu nyingi hilo ni kosa la kufukuzwa. Na kabla ya kufunga dirisha siku ya kwanza, andika help quit usome mistari yote, maana kwenye Diku za mtindo wa kale usipopanga chumba kwenye nyumba ya wageni kwa amri ya rent, vitu ulivyokusanya havikusubiri.