Meza ya cherehani ianzie kwenye pedeli, miguu baadae

Kila nikisikia watu waongea kuhusu meza za kupanda na kushuka, picha ni ile ile: meza nyeupe ya ofisini, kidude cha kubonyeza pembeni, jamaa na leptopu na kikombe cha kahawa. Sawa, hizo zina watu wake. Lakini mwenye haja ya kweli na meza kama hio hapa Mombasa hayuko kwenye ofisi yenye AC. Yuko Changamwe, yuko Jomvu, yuko Mikindani kwenye magodauni ya EPZ, vile viwanda vya bidhaa za kuuza nje, ashona suruali za kwenda Marekani kutwa nzima kainama, ama yuko uchochoroni Majengo na madera na kanzu za Idi mpaka saa sita za usiku. Mie kazi yangu ni vyuma, nachomelea stendi za mashine na kuzitengeneza zikilegea, kwa hivo nitasema kama fundi na sio kama daktari.

Kuna uongo mmoja tuuondoe kwanza. Ukimuuliza muuzaji atakwambia stendi za cherehani za kiwandani zapanda na kushuka tayari, na ukitazama mguu ni kweli, chuma kimoja kimeingia ndani ya chengine, kuna upenyo mrefu na bolti za kukaza, meza iko kwenye sentimita 75 hivi na waweza kuitoa mpaka 80 na kitu. Haya, nani umewahi kumuona akiifanya? Yataka uzime mashine, utafute spana, uite mtu wa pili ashike upande wa pili maana kichwa peke yake ni kama kilo 30, kisha kuna mota, na kama ni ile ya zamani ya klachi nayo ni zigo la peke yake, kisha ubao, halafu hizo bolti zenyewe zimeshashika kutu kwa huu upepo wetu wa chumvi na wewe umelala chini ya meza na tochi mdomoni. Na wakati wote huo opereta ana target yake ya saa na sapavaiza amesimama nyuma. Nani atakubali? Kwa hivo meza hubaki pale ilipofungwa siku ya kwanza, na aliyeifunga ni fundi mwanamume wa futi sita ambaye hatashona hapo hata pindo moja.

Ndio maana mie husema kipimo cha meza nzuri sio yaenda juu kiasi gani, ni yachukua muda gani. Ikizidi nusu dakika hakuna atakayeigusa. Ikitaka spana, hakuna atakayeigusa. Ikitaka ruhusa ndio kabisa.

Sasa kwa nini urefu wenyewe ni muhimu hivo. Watu wa ofisini wafundishwa meza iwe sawa na kiwiko, na mafundi wengi wa stendi waichukua sheria hio hio na kuileta kwenye cherehani, na hapo ndipo tunapoharibu. Kushona ni kazi ya macho. Sindano iko chini pale, yapiga mara elfu nne elfu tano kwa dakika, na wewe wataka kuona mshono uko milimita ngapi kutoka ukingoni. Meza ikiwa chini mikono yastarehe lakini macho hayafiki, basi shingo yaifuata sindano, mgongo nao waifuata shingo, na ndivyo watu wanavyoshinda. Watafiti wawili wa Uholanzi, Delleman na Dul, walilifanyia majaribio jambo hili na waendeshaji wa cherehani, na walichopendekeza ni meza iwe juu ya kiwiko kwa sentimita 5 mpaka 15, na ubao uinamie upande wa mshonaji kwa digrii 10 au zaidi. Juu ya kiwiko! Mwambie fundi wa kawaida hivo atacheka. Lakini mtazame mama yeyote mtu mzima anayeshona kitu cha maana, shanga za buibui kwa mfano, utaona akiiinua kazi yenyewe kuileta kwenye uso, hakusoma popote, macho ndio yamemfundisha.

Bila shaka ukizidisha juu mabega nayo yapanda na yanaanza kuuma, kwa hivo hakuna namba moja ya watu wote. Mtu mfupi na mtu mrefu wakikaa, viwiko vyao vyaweza kupishana sentimita 15 na zaidi kutoka sakafuni. Kiti kitasaidia kiasi, na kwa kweli kiti chasaidia sana, kule Los Angeles walifanya utafiti uliotoka 2007 kwa washonaji 277, waliopewa viti vya kurekebishika vyenye kikalio kilichopinda maumivu ya shingo na mabega yalipungua kuliko wenzao. Lakini ukimpandisha mtu mfupi kwa kiti miguu yaning'inia, na mshonaji sio karani, miguu yake iko kazini.

Na hapa ndio nafika kwenye pedeli, jambo ambalo laniudhi kila nikionyeshwa "dizaini mpya".

Cherehani ya kiwandani mota imening'inia chini ya ubao, pedeli iko chini kwenye stendi, na kinachoziunganisha ni fimbo nyembamba ya chuma. Ukikanyaga kwa vidole fimbo yavuta mkono wa mota kwenda chini na mashine yaenda, ukikanyaga kwa kisigino yasimama, na zile za kisasa hapo hapo zakata uzi. Sasa ukiupandisha ubao mota yapanda nao. Fimbo ni ile ile. Itafanya nini? Itaivuta pedeli, mbele yanyanyuka, kisigino chashuka, mtu anabaki amekunja kifundo cha mguu saa nzima. Ukizidi kupandisha mpaka pedeli imefika mwisho wake, fimbo haina pa kwenda ila kuvuta mkono wa mota, mashine yaondoka peke yake na vidole viko chini ya sindano. Ukishusha ubao ni kinyume, pedeli yalala mbele na hamna tena pa kukanyaga. Kwa hivo mtu akikuletea meza ya kupanda sentimita 30 na fimbo yake ni ile ya dukani yenye skrubu moja ya kukaza, huyo amekuuzia nusu ya meza.

Dawa zipo. Moja ni kuifunga pedeli kwenye fremu inayopanda, iende juu na meza, na hii nimeiona kwa macho yangu, ni upuuzi, mguu wabaki hewani. Nyengine ni fimbo ya bomba ndani ya bomba yenye kishikio cha kukaza kwa mkono, rahisi, kila fundi aweza kuitengeneza, tabu yake ni kwamba mtu ataipandisha meza asahau fimbo. Ya tatu, na ndio yangu, ni kuachana na fimbo kabisa. Mota za servo, zile zinazozunguka pale tu unapokanyaga, ziko ambazo zakubali pedeli ya waya, yakaa sakafuni peke yake, waisogeza mbele nyuma upendavyo, meza na ipande mpaka dari pedeli haijui. Ni ghali zaidi, ndio. Lakini ukihesabu chuma ulichookoa na kichwa kisichokuuma utaona sio mbali, na servo nayo yala stima kidogo kuliko klachi inayozunguka muda wote hata mtu ameenda kunywa maji.

Nyenzo ya goti ile ya kunyanyulia kiguu cha mashine haina neno, imefungwa kwenye ubao yapanda nao, ila hakikisha mkono wake warekebishika kwa sababu goti lenyewe halikupanda. Nguzo ya nyuzi pia ifungwe kwenye ubao. Waya wa stima uachiwe ulegevu. Hayo madogo.

Kuinamisha ubao digrii 10 nakubali, ila yataka ukingo mwembamba mbele, bila hivo makasi na bobini zitakuwa mapajani kila dakika, na kwa mashine zenye bakuli la mafuta chini tazama mafuta yamekaa wapi kabla hujainamisha sana.

Haya, miguu sasa. Vijana wataka umeme. Bonyeza, zzzz, imepanda. Mie sitaki, na sio ushamba. Kwanza meza za ofisini zimetengenezewa leptopu, na miguu yake ni bomba ndani ya bomba ndani ya bomba, kila ikirefuka ndio inavyolegea. Weka juu yake cherehani inayopiga mapigo 5000 kwa dakika, hio ni zaidi ya mara 80 kwa sekunde, uone sindano inavyocheza. Mtikisiko kwenye meza ya mshonaji sio suala la starehe, mshono waharibika. Pili, stima ikipotea, na wajua yapotea, meza imekwama pale alipoiacha wa zamu iliyopita. Tatu, unyevu wa hapa wavila vidude vya elektroniki bila huruma.

Nachotaka mie ni mkono wa kuzungusha na parafujo, wazo lile lile la jeki ya gari. Parafujo yenye meno mapana ya mraba au yale ya mshazari ikiwa mwinuko wa meno yake ni mdogo, kwa kawaida haishuki yenyewe hata ukiipakia mzigo. Ukichukua parafujo inayopanda milimita 5 kwa mzunguko mmoja, sentimita 10 ni mizunguko 20, kazi ya sekunde chache na msichana mwembamba aifanya kwa mkono mmoja. Shida yake ni moja tu, nayo ndio wengi huifeli: pande mbili lazima zipande sawa. Uzito wa cherehani hauko katikati, kwa hivo ukiachia kila upande na parafujo yake upande mmoja utatangulia, mabomba yatabanana na meza itakwama imeenda mshazari. Lazima pande mbili zifungwe pamoja. Kule viwandani ulaya watumia shafti na gia za pembe, hapa kwetu cheni ya baiskeli na sproketi mbili zinazolingana meno yatosha kabisa, ipite nyuma chini ya ubao, iwe na kifuniko ili kitambaa kisiingie, na upake grisi. Vipuri vyapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo, na parafujo ifunikwe, chumvi na vumbi la pamba zikikutana na grisi hutoa uji mweusi unaokula meno. Ubao nao usiwe ule wa maranda yaliyogandishwa, ukinyonya unyevu skrubu zatoka zenyewe, weka plaiwudi nzito iliyobandikwa fomika.

Mwendo wa kutoka sentimita 70 mpaka 90 watosha kwa wanaokaa. Najua mtu atauliza, na kusimama je? Wajapani washona wamesimama tangu 1978, kampuni ya Aisin Seiki walianzisha mfumo wao wa kushona kwa mtindo wa Toyota, na mabosi wengi wamesikia hio habari nusu. Nusu waliyosikia ni kwamba uzalishaji wapanda. Nusu waliyoiacha ni kwamba kule mtu atembea, ahama mashine hii kwenda ile na kazi mkononi, hasimami kama mlingoti mbele ya mashine moja kutwa. Ukiondoa viti hapa kwetu bila kubadilisha laini yenyewe umehamisha maumivu kutoka shingoni kuyapeleka miguuni, basi. Na kusimama kwataka meza ya kwenda mita moja na zaidi, na pedeli nyepesi, kwa sababu mtu hawezi kukanyaga pedeli ya kawaida kwa mguu mmoja huku amesimamia mwengine siku nzima. Kwa meza ya kukatia sawa, hio watu husimama, nayo yahitaji kupanda pia, maana wengi wa mafundi wetu wakatia sakafuni juu ya mkeka, lakini hio ni stori nyengine.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi na vifaa vyamfaa mfanyakazi. Imeandikwa. Lakini mkaguzi akija hutazama milango ya moto, hutazama vyoo, sijawahi kuona mkaguzi na futi ya kupimia akimuuliza opereta kiwiko chako kiko wapi. Na wenye viwanda husema faida ni ndogo, oda zategemea AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, hakuna pesa za meza. Mie nasema sawa, usinunue meza 600, nunua 10, ziweke kwenye operesheni ngumu kabisa, kuunga mikono na kola, ambako watu ndio hulalamika shingo, uone wangapi watakubali kurudi kwenye zile za zamani.

Kitu cha mwisho ambacho hakigharimu hata shilingi 50. Bandika utepe wa kupimia, ule ule wa fundi nguo, kwenye mguu wa meza. Opereta akishajua namba yake, tuseme 82, akihamishwa laini hahitaji kujaribu jaribu, azungusha mpaka 82 na akaa. Na ule mkono wa kuzungushia uchomelewe hapo hapo kwenye meza usitoke. Kuna mahali walinunua meza nzuri kabisa za kuzungusha, kisha mikono yote ikawekwa kwenye droo ya sapavaiza ati isipotee, na funguo ya droo huwa nayo yeye.