Kiroba cha senene kilivyoniumbua geto

Mimi wa Bukoba, na kama umewahi kukaa chumba kimoja na mtu wa Bukoba basi pole, unajua ulichopitia. Chuoni Mwanza tulikuwa wanne: mimi, Mangi wa Moshi, Mwana Tanga, na Ngosha ambaye ndo mwenyeji. Kila usiku ligi. Mangi anakutajia Kilimanjaro mita 5,895 utadhani kaipima yeye kwa rula, kumbe hata geti la Marangu hajawahi kuvuka. Ngosha ana mawe yake na sato. Mwana Tanga akiishiwa hoja anasema tu "Tanga raha" af anageukia ukutani analala, na hapo kashinda, maana utabishana na nani?

Mimi silaha yangu senene. Sasa siku moja Ngosha akanichokonoa, "We Mhaya unakula panzi na bado unajisifia", nikapandwa na jazba nikawaambia nyie hao mnaouziwa kwenye vikopo mnadhani ndo senene, senene unamnyonyoa mwenyewe yuko hai, mabawa na miguu, af unamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Ilikuwa Novemba, msimu wenyewe huo. Nikampigia mama aniletee wazima. Mama akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, utawaweza?" Nikacheka. Yani nikacheka kabisa.

Kiroba kikaja na meli ya usiku. Ukikitegea sikio kinachakarika ndani kama mvua ya manyunyu kwenye majani makavu. Kamba ilikuwa imelegea, Mwana Tanga akasema hiyo niachieni, mimi nimezaliwa kwenye mkonge, akafunga fundo moja la madaha tukakisukuma chini ya kitanda kusubiri umeme, maana ulikatika tangu jioni na jiko letu lilikuwa la umeme (hosteli walikataza, tusiende huko).

Sasa kwetu senene wanategwa kwa taa. Unawasha taa kali usiku, unasimamisha mabati, wao wanafuata mwanga wanagonga bati wanateleza hadi kwenye pipa. Hii stori nilishawapigia mara mia. Ila akili haikuunganisha.

Saa nne umeme ukarudi.

Fundo la mkonge lilifunguka saa ngapi sijui, nachojua taa imewaka tu, chini ya kitanda pakalia vrrrr, wakatoka wa kijani, wa kahawia, wote wanaelekea kwenye balbu. Mangi, mtu wa mlima mrefu kuliko yote Afrika, akapanda juu ya meza akaishia hapo. Mwana Tanga anapiga kelele "Yarabi kaniingia kwenye msuli!" huku anauvua mlangoni, mlango ukabaki wazi, senene wakaona taa za koridoni. Tukaanza kusikia mayowe chumba hadi chumba.

Na mimi? Niseme ukweli, nyumbani kunyonyoa ni kazi ya mama na dada zangu, mimi huwa naletewa kwenye sahani. Mmoja alinitua mdomoni akanikamata na vile vimiguu vyake vya kukwaruza, nikajikuta niko ndani ya chandarua, nimechomekea pande zote nne, natoa maelekezo: "Zimeni taa jamani! Zimeni taa!"

Mlinzi akaja na tochi. Kosa. Wakamfuata usoni. Nikajua kesho tunafungasha. Mzee wa watu akamchukua mmoja begani kwake, akamnyofoa mabawa na miguu kwa vidole viwili bila hata kumwangalia, kama mtu anamenya karanga.

"Nani wa Bukoba humu?"

Wote watatu wakasonta chandarua.

"Shikamoo mzee," nikasema humo humo ndani.

"Marahaba. Toka huko waitu, lete ndoo." Kumbe wa Muleba.

Tulikesha tunaokota. Ngosha, yule yule wa panzi, alikula mpaka akakikomba kikaango kwa kidole. Mzee aliondoka na nusu ndoo, akasema ni ushahidi. Mimi tangu siku hiyo naitwa Chandarua, na ikifika Novemba Ngosha ananipigia, salamu hakuna, anauliza tu meli inaingia lini.