Risiva anadaka kwa macho kwanza, mikono inafuata

Kwenye futiboli ya Kimarekani, mpira unaouma kuliko yote kwa risiva, yaani mchezaji wa kudaka pasi, sio ule wa kurukia katikati ya mabeki wawili, ule hata ukiukosa watu wanakuelewa. Unaouma ni ule rahisi kabisa, yadi tano tu, uko peke yako, kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, amekuletea mpaka kifuani, na wewe unauachia unaanguka chini. Mimi nimecheza risiva miaka kadhaa kwenye timu ya ridhaa na mipira yangu mingi niliyoangusha ilikuwa ya aina hiyo. Nikawa najiambia mikono yangu ni migumu, nikanunua glovu mpya, nikawa nabana mipira ya raba usiku ili vidole vipate nguvu, wapi. Siku nimekaa nikaangalia video za mechi zetu polepole ndio nikaona kitu ambacho kocha alikuwa anatupigia kelele kila siku: kichwa changu kilikuwa kimeshageuka kutafuta njia ya kukimbia kabla mpira haujafika mkononi. Mikono ilikuwa pale pale inapotakiwa, macho ndio yalikuwa yameshaondoka.

Ndio maana nikiona vijana wanafika uwanjani na kuanza moja kwa moja kurushiana mabomu (pasi ndefu) ya yadi 40 na kudaka kwa mkono mmoja roho inaniuma kweli. Najua inatoka wapi. Wote tumeona ile ya Odell Beckham Jr., risiva wa New York Giants, dhidi ya timu ya Dallas Cowboys tarehe 23 Novemba 2014, anaanguka kinyumenyume huku anadaka kwa vidole vya mkono mmoja, na beki amemng'ang'ania. Lakini yule alikuwa anazifanyia mazoezi zile mkono mmoja kabla ya mechi, haikumjia kwa bahati, na kabla hujafika huko kuna kazi ndogo ndogo za karibu ambazo hakuna mtu anazirekodi kwa simu. Hizo ndizo naziongelea hapa.

Kwanza uuelewe mpira wenyewe. Una urefu wa karibu sentimita 28, uzito gramu 400 hivi mpaka 425, na una ncha mbili, haudundi wala haudakiki kama mpira wa duara. Ukikujia unazunguka vizuri unaona ile ncha ya mbele kama kidoti kidogo, basi macho yako yakae kwenye hiyo ncha, sio kwenye "mpira" kwa ujumla. Ukijifunza kutafuta kitu kidogo namna hiyo, kichwa hakigeuki ovyo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la namba. Chukua mpira wa zamani, andika namba kubwa kwa maka peni kila upande, mwenzako asimame yadi tano au sita akurushie taratibu, wewe ukidaka unaisoma kwa sauti namba inayokuangalia halafu ndio unauficha mpira kwapani. Ukificha kabla ya kusoma, huo hauhesabiki hata kama umeudaka vizuri. Mara ya kwanza utaona kama mchezo wa watoto, ukifika wa ishirini utagundua ni mara ngapi unakimbiza macho bila kujua. Zoezi hili lilinibadilisha ndani ya wiki chache na sijawahi kuliacha.

Mipira ya tenisi nayo isidharauliwe. Mwenzako anashika miwili ya rangi tofauti, anairusha yote pamoja, anataja rangi, wewe unadaka hiyo tu. Larry Fitzgerald, risiva aliyecheza timu ya Arizona Cardinals misimu yote 17 na kumaliza na mipira 1,432 aliyodaka, babu yake alikuwa daktari wa macho kule Chicago na alimfanyisha mazoezi ya macho na mikono tangu akiwa mdogo. Sasa kuna watu wataniambia mbona kuna picha za huyo huyo Fitzgerald amefumba macho wakati mpira unatua mikononi? Ni kweli, picha zipo. Ila mimi naona zinanipa nguvu, mtu ameshaufuatilia mpira tangu unatoka mkononi mwa kwotabeki, ubongo umeshajua unatua wapi, na nyuma yake kuna maelfu na maelfu ya mipira ya mazoezi. Wewe na mimi bado hatujafika hapo, tuendelee kuangalia.

Mikono nayo ina kanuni yake na haina mambo mengi. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vinakaribiana na mikono inatengeneza kama almasi, ukija chini ya kiuno vidole vidogo ndio vinakaribiana. Shida ni ile ya katikati, tumboni, pale ndipo watu wanaamua kuukumbatia mpira kwa mwili na unagonga pedi za kinga unaruka. Dawa ninayoijua ni nguzo ya goli. Simama nyuma ya nguzo, pitisha mikono pande zote mbili, mwenzako akurushie kutoka mbele ya nguzo, hapo kifua hakiwezi kukusaidia hata ukitaka, unalazimika kuudaka mbele ya mwili kwa vidole. Piga magoti pia na urushiwe mipira ya pembeni kushoto na kulia, miguu ikikosa kazi unajua kama mikono yako inafika au haifiki. Halafu viwiko vikunjwe kidogo, mikono irudi nyuma pamoja na mpira. Jerry Rice, risiva mwingine mkubwa, alipokuwa kijana Mississippi alikuwa anamsaidia baba yake kazi ya uashi, ndugu zake wanamrushia matofali na yeye anayadaka, na tofali ukilipokea kwa mikono migumu linakuumiza papo hapo. Tafadhali msirushiane matofali, nasema tu kwamba ule ulaini wa mikono unafundishika, na yule alimaliza na mipira 1,549, hajapatikana wa kumpita mpaka leo.

Baada ya hapo ndio unaongeza vurugu. Geuka umpe mgongo mrushaji, yeye anarusha halafu anaita "mpira!", wewe unageuza kichwa kwanza, macho yanaupata, mikono inafuata. Mwingine asimame kati yenu akipunga mikono au taulo mbele ya uso wako, au auguse mpira kidogo ubadili njia. Hili la kuguswa wengi wanaliruka na ni kosa kubwa, kwenye mechi mabeki wanaugusa kila mara.

Kwa mipira mirefu ya begani, ile inayokujia kutoka nyuma juu ya bega ukiwa unakimbia, nina neno moja tu, kimbia kama unakimbia kweli, mikono isinyooshwe mpaka mpira uko karibu kabisa, ukiinyoosha mapema unapunguza mwendo na beki ambaye hata haoni mpira anajua sasa unakuja.

Ile mashine ya kurusha mipira siipingi, inakupa idadi kubwa bila kumchosha kwotabeki. Lakini mpira unatoka sehemu ile ile kwa spidi ile ile, hakuna bega wala mkono wa kuusoma, na mtu anaweza kudaka mia akiwa anawaza mambo mengine kabisa. Kama unaitumia basi anza umegeuka pembeni, isogelee, shusha urefu, badilisha kila mipira kumi. Glovu pia, nusu ya mazoezi zivue. NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, ilipiga marufuku ile gundi ya kupaka mikononi tangu 1981, lakini glovu za siku hizi zinanata kiasi kwamba zinaficha makosa, na siku ya mvua zinakuacha solemba.

Mimi ratiba yangu ilikuwa dakika 15 kabla ya mazoezi ya timu, mipira 60 hivi, yote ya karibu. Alafu mwisho kabisa, miguu imeisha, pumzi hakuna, wenzangu wanavua pedi, namshika mtu mmoja anirushie kumi ya mwisho kwa ule mpira wenye namba. Nikikosa kusoma namba moja, tunaanza tena kutoka moja, na kuna jioni tulianza tena mara sita.