Sikutumbukia, Niliketi

Najua rafiki yangu ameshawasimulia. Ameshatuma kwenye makundi matatu, na picha juu, kwamba nikifundisha kutengeneza mboji, ile mbolea ya majani na mabaki yaliyooza, nilitumbukia humo humo. Basi nirekebishe kimoja tu: kwenye mboji sikutumbukia. Niliketi kwenye samadi. Ni vitu viwili tofauti.

Biwi la mboji la mfano nililipanga mwenyewe wiki 2 kabla ya somo. Mafunzo nayajua kwa kichwa: chini mabua makavu yaliyokatwakatwa, sentimita 20 hadi 30, hewa ipite, halafu majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi, udongo kidogo, maji ya kulowesha tu. Unarudia hadi mita 1 na nusu. Ukifinya konzi moja, yatoke matone mawili matatu, basi.

Sasa mimi, kukata mabua kulinishinda. Nikajaza nyasi mbichi tupu, nikamwaga ndoo 6 za maji, nikafunika nailoni na kuikandamiza kwa mawe pande zote. Mnaojua mboji, nyamazeni kwanza.

Siku ya somo, watu kama 40. Nikatoa kifua: "Mboji nzuri hainuki. Inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua!" Nikashika kijiti cha kupimia joto nilichokichomeka hadi katikati ya biwi. Nikaeleza: kikitoka cha moto, kazi inaendelea; kikitoka kikavu, ongeza maji; kikitoka cha baridi na kinateleza...

Hapo kikagoma kutoka.

Nikavuta kwa mikono miwili. Ndani kukasikika *fyooo*. Kikachomoka, nikayumba, nikasimama imara, heshima bado ipo. Na kwa mazoea, bila kukitazama, nikafumba macho, nikakisogeza puani, nikavuta pumzi. Yote. Hadi tumboni.

Mayai viza. Mayai viza ya kuku wa kijiji kizima. Machozi yakanilengalenga, na kabla sijakohoa nikahisi ute mweusi unashuka kwenye kijiti, unafika kiganjani, unaingia kwenye mkono wa shati, unatambaa taratibu kuelekea kwenye kiwiko. Wa baridi. Yaani biwi halikuwa na hewa hata chembe, vijidudu vinavyotoa joto vilishakufa siku nyingi, nami nimekishika kijiti kama mshumaa. Nikarudi nyuma hatua moja.

Nyuma ndipo walipomwaga samadi mbichi ya mazoezi.

Kimya. Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele: "Mjukuu wangu, huo ni msitu gani?"

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Wakafumua biwi, wakakata mabua, wakachanganya, wakapanga upya, wakafunika kwa majani makavu. Mimi nilikuwa kisimani.

Hiyo ilikuwa siku 3 zilizopita. Leo asubuhi bibi amekichomoa kijiti mwenyewe: kimetoka cha moto, kinafuka mvuke. Akanigeukia mbele ya wote, akaninyooshea.

"Haya mwalimu. Nusa."